Uwanja wa BMX Mombasa: mwenye mahali ni nani?

Kila nikikaa na vijana wa BMX, zile baiskeli ndogo za michezo, hapa Mombasa, hazipiti dakika kumi kabla sijalisikia neno "tumefukuzwa". Wamefukuzwa kwenye maegesho ya magari. Wamefukuzwa kwenye ngazi za jengo la ofisi siku ya Jumapili, na ndani hamna hata mtu mmoja. Wamefukuzwa kwenye uwanja wa mpira kwa kuwa timu ya mtaa inafanya mazoezi. Siku moja nilikuwa nimesimama na watano wao kando ya sakafu ya saruji iliyotelekezwa, mabaki ya godauni lililobomolewa zamani, askari akaja na rungu lake kwapani. Hakuwa mtu wa ubaya. Alimwambia mkubwa wao, "Yakhe, mimi sina tabu na nyinyi. Lakini mwenye mahali akija, nitamwambia nini?" Kijana akamuuliza kwa adabu, "Mwenye mahali ni nani, mzee?" Askari akanyamaza. Yeye hulipwa na kampuni ya ulinzi. Kampuni inalipwa na nani, hajapata kuambiwa. Na sisi tuliosimama pale hatukuwa na jibu.

Swali lile limenikaa kichwani tangu siku hiyo. Vijana hawa wana ari, wana kipaji na wana subira kuliko wanavyodhaniwa, lakini wengi wanapeleka ombi lao la mahali pa kuendeshea kwa mtu asiyekuwa na uwezo wa kuwapa jibu, tena katika mwezi ambao hata mwenye uwezo hawezi. Kwa hiyo nitajaribu kulifungua fundo hili: wanataka nini hasa, ardhi iko mikononi mwa nani, na maombi yao yanapaswa kupitia wapi.

Tuanze na baiskeli yenyewe, kwa sababu mzozo unaanzia hapo. Mtu mzima akiiona BMX, na yale magurudumu yake ya inchi 20 na kiti kilichoshushwa hadi karibu na fremu, hudhani ni baiskeli ya mtoto ambayo huyu barobaro amekataa kuiacha. Sivyo. Kiti kimeshushwa kwa sababu mwendeshaji hakai. Anasimama juu ya pedeli na kuielekeza baiskeli kwa mwili mzima. Haina gia za kubadilisha. Fremu yake ni fupi na ngumu ili istahimili kutua kutoka juu. Mchezo ulianzia California, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, pale watoto walipoanza kuwaiga waendesha pikipiki za mashindano kwenye njia za udongo. Mbio za BMX ziliingia Olimpiki mwaka 2008 huko Beijing, na fristaili, ule upande wa kuruka na kuzungusha baiskeli hewani, ukaingia katika Michezo ya Tokyo 2020 iliyofanyika 2021. Baiskeli nyingi za BMX za hapa kwetu hufika bandarini ndani ya kontena za mitumba, zikauzwa bila breki au na rimu iliyopinda, na fundi wa mtaani akazifufua.

Sasa, neno BMX linabeba michezo kadhaa, na kila mmoja una mahitaji yake. Mbio zinahitaji njia ya mita 300 hadi 400 yenye vilima, kona zilizoinuliwa na kilima cha kuanzia ambapo wanane huondoka kwa pamoja. Hiyo ni ardhi kubwa na ni kazi ya trekta. Fristaili ya uwanjani inahitaji miteremko iliyojengwa. Mtindo wa mtaani unatumia kilichopo: ngazi, kuta fupi, vyuma vya kushikilia. Halafu kuna flatilandi, ambapo mwendeshaji hucheza na baiskeli juu ya sakafu tambarare kama mtu anayecheza ngoma. Anasimama kwenye gurudumu moja, anazunguka, anabadilisha miguu, na baiskeli haiendi mbali. Flatilandi inahitaji sakafu laini tu. Uwanja wa basketiboli una mita 28 kwa 15. Nusu yake inatosha vijana kadhaa wakipokezana zamu.

Ninalikazia jambo hili kwa sababu barua nilizoonyeshwa zote zilikuwa na sentensi moja: "Tunaomba uwanja wa BMX." Afisa akisoma neno uwanja anaona majukwaa, paa, taa na vyoo. Anaona zabuni na mamilioni. Anaikunja barua na kuiweka chini ya nyingine. Lau barua hiyo ingesema, "Tunaomba kutumia sakafu ya saruji iliyo mahali fulani, Jumamosi na Jumapili, saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni," angekuwa na kitu cha kukubali au kukataa. Na hata akikataa, kukataa kwake kungekuwa na sababu inayoweza kujibiwa.

Ardhi iko mikononi mwa nani

Hapa ndipo penye utata wenyewe, na Mombasa ina utata kuliko kaunti nyingi. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inaeleza ardhi ya umma ni ipi. Sehemu yake hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wakazi, sehemu nyingine na serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi wote, na zote mbili husimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Kwenye karatasi inaeleweka. Uje kwenye kisiwa hiki sasa: kuna ardhi ya kaunti, ya bandari, ya reli, ya makumbusho, ya shule, ya wakfu na ya watu binafsi, na mara nyingi kinachozitenganisha ni ukuta mfupi tu au hamna hata ukuta. Kijana anaweza kuanza kuendesha kwenye ardhi ya taasisi moja akatua kwenye ardhi ya nyingine.

Mfano ninaoupenda ni ufuo. Nenda Pirates pale Bamburi, ambapo ni ufuo wa umma, wakati wa maji kupwa. Mchanga uliolowa ukibanwa na maji unakuwa mgumu kama sakafu, na utawaona watoto wakiendesha baiskeli kwa raha zao hadi maji yaanze kujaa. Je, pale ni kwa nani? Katiba inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma, na hiyo iko chini ya serikali ya kitaifa. Lakini Jedwali la Nne la Katiba hiyo hiyo, linapogawa kazi, linaipa kaunti jukumu la bustani za kaunti, fuo na sehemu za burudani. Kwa hiyo ardhi iko upande mmoja na kazi ya kuitunza iko upande wa pili. Mtu akipeleka ombi kwa mmoja wao peke yake atarudishwa kwa mwenziwe, na si lazima kuwe na njama yoyote. Kila mmoja anasema kweli. (Na kwa wanaoendesha ufuoni, tafadhali osheni baiskeli kwa maji baridi siku hiyo hiyo. Chumvi hula cheni na mipira ya chuma ya ekseli kabla hujatambua.)

Mama Ngina ni mfano wa aina nyingine. Bustani ile ya kando ya bahari ilikarabatiwa na serikali ya kitaifa na kuzinduliwa Siku ya Mashujaa, Oktoba 2019. Ni mahali ambapo familia hukaa jioni na mihogo yao ya kukaanga, wazee wananyoosha miguu, watoto wanakimbia. Sakafu yake inavutia mwenye baiskeli yeyote. Lakini kuwa wazi kwa umma si sawa na kuruhusu kila matumizi, na mahali penye mama na mtoto anayejifunza kutembea, baiskeli inayoruka ngazi ni hatari ya kweli. Sioni aibu kuliandika hili ingawa niko upande wa vijana. Hoja ya kudai nafasi maalumu inapata nguvu pale tunapokiri kwamba si kila nafasi inafaa.

Kuna pia nafasi ambayo watu huisahau, nayo ni viwanja vya shule. Wikendi na wakati wa likizo sakafu za shule nyingi hukaa tupu. Hapo mlango si wa kaunti wala wa chifu. Kila shule ya umma ina bodi ya usimamizi, na mwalimu mkuu hawezi kuwakubalia peke yake hata akiwapenda vipi. Barua iende kwa bodi, ikisainiwa na mtu mzima atakayekuwepo kila siku ya mazoezi.

Miezi ya kuandika na miezi ya kungoja

Michezo na vifaa vyake ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne. Hilo linawapa vijana hoja nzito: hawaombi hisani, wanaikumbusha serikali kazi yake. Hata hivyo kaunti hutumia pesa kwa mpango, na mpango una kalenda ambayo vijana hawajapata kuelezwa.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai Mosi. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata ufike kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba Mosi, yaani miezi kumi kabla ya mwaka huo kuanza. Mwishoni mwa Februari unakuja waraka wa mkakati wa fedha, unaoweka viwango vya kila idara. Makadirio ya bajeti yanafika bungeni kufikia Aprili 30, na yanapaswa kupitishwa kabla ya Juni kwisha. Kijana anayepeleka ombi lake mwezi wa Juni, wakati kila mtu anaizungumzia bajeti redioni, amechelewa kwa karibu mwaka mzima. Anayezungumza Julai na Agosti, mpango ukiwa bado unaandikwa, ndiye anayeweza kuona mstari wake ukiingia. Na juu ya mipango hii ya kila mwaka upo Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa miaka mitano. Huu wa sasa unaishia 2027, na unaofuata utaandaliwa baada ya uchaguzi wa mwaka huo. Jambo ambalo halimo kabisa kwenye mpango wa miaka mitano hupata tabu kupewa pesa, kwa hiyo wenye kuitaka nafasi ya BMX mwaka 2029 wanapaswa kuwa mikutanoni miaka miwili kabla.

Mikutano yenyewe hufanywa kwenye wadi, kwa kuwa Katiba imelifanya suala la kuwashirikisha wananchi kuwa la lazima. Nimehudhuria kadhaa. Watu wachache, viti vya plastiki, na wanaozungumza ni wale wale: mwenye tatizo la maji, mwenye tatizo la mtaro, mwenye kulalamikia taa za barabarani. Sijapata kumwona kijana wa baiskeli akinyanyua mkono. Mara moja nilimwomba mmoja tufuatane, akanijibu, "Kaka, wale watatucheka." Alikuja, na hawakumcheka. Mama mmoja aliyekuja kwa ajili ya mtaro aligeuka kumuuliza kama na mabinti wanaruhusiwa, maana anaye wa miaka kumi na mbili anayeng'ang'ania baiskeli ya kaka yake. Jina la mama yule liliingia kwenye orodha ya wanaounga mkono, na nathubutu kusema lina uzito kuliko majina ishirini ya vijana wenyewe.

Ikiwa mkutano haukuzaa kitu, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mtu haki ya kuwasilisha maombi rasmi kwenye bunge la kaunti. Haihitaji wakili. Inahitaji maelezo ya tatizo, hatua zilizokwisha kuchukuliwa, kile hasa unachotaka bunge lifanye, na saini. Mwakilishi wadi anaweza kuiwasilisha, na ni busara kumwendea kwanza, kwa sababu hapendi kusikia habari za wadi yake kutoka kwa karani.

Orodha ya saini peke yake haitoshi ikiwa hamna chombo nyuma yake. Kundi linaweza kujiandikisha chini ya Sheria ya Usajili wa Makundi ya Jamii ya 2022, likiwa na katiba yake fupi na viongozi. Usajili unawapa uwezo wa kufungua akaunti ya benki na kuandika barua yenye mhuri, na mhuri katika ofisi za hapa hufungua milango ambayo maneno mazuri hayafungui. Wenye nia ya mashindano wataingia kwenye Sheria ya Michezo ya 2013 na kwa msajili wa michezo, lakini hilo linaweza kungoja. Na wanaotaka kuendesha kwa msafara mjini ili waonekane, sheria ya utulivu wa umma inataka polisi wapewe taarifa si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla.

Hofu mbili zenye msingi

Hofu ya kwanza ni kuharibu. Vijana huudhika wakiambiwa wanavunja saruji, lakini tuitazame baiskeli kwa karibu. Kwenye ekseli wengi hufunga pegi, mabomba mafupi ya chuma ya kusimamia au kutelezea ukingoni. Pegi ya chuma ikiteleza kwenye ukingo mtupu wa saruji, inaumega. Nimepitisha kidole kwenye ukingo wa ukuta mmoja wanaoupenda: umeliwa kama mkate uliong'atwa na panya. Huko Marekani viwanja vingi vya skeiti, ule ubao wa magurudumu, viliwahi kuwapiga marufuku waendesha BMX kwa sababu hiyo hiyo, na mabishano kati yao na wenye skeiti yamechukua miaka. Kilichosaidia ni mambo mawili ya kawaida kabisa. Kingo zikafungwa bomba au pembe ya chuma tangu wakati wa kujenga, na waendeshaji wakahamia pegi zenye gamba la plastiki ngumu, ambazo huteleza vizuri bila kukwangua. Kundi litakaloandika kwenye kanuni zake kwamba pegi za chuma tupu haziruhusiwi, na likajitolea kuziba kingo zilizokwisha kumeguka, litakuwa limeijibu hoja kabla haijaulizwa.

Hofu ya pili ni kuumia, na nyuma yake, kushtakiwa. Sura ya 34 ya sheria za Kenya inamtaka anayeshikilia mahali achukue tahadhari ya kadiri ili mgeni asidhurike. Sheria hiyo inamtarajia ajue kwamba watoto hawana uangalifu wa watu wazima, lakini pia haimbebeshi hatari ambayo mtu mzima ameikubali kwa hiari yake. Ndiyo maana bodi ya shule au meneja wa kiwanja hukataa upesi: anaufikiria mguu uliovunjika. Kofia ngumu kwa kila mmoja, ruhusa ya mzazi kwa walio chini ya miaka 18, bango la kanuni na mtu anayejua huduma ya kwanza havimwondolei wajibu wote, lakini vinamwonyesha kuwa tahadhari imechukuliwa, na hicho ndicho kitu anachokitafuta.

Mahali pengine wamepita njia hii. Katika mtaa wa Kitintale, Kampala, katikati ya miaka ya 2000, vijana walijijengea uwanja wa skeiti wa saruji kwa mikono yao. London, chini ya ukumbi wa Queen Elizabeth, kuna sehemu ambayo wenye skeiti na BMX wameitumia tangu miaka ya 1970. Mwaka 2013 ulitangazwa mpango wa kuigeuza kuwa maduka. Waendeshaji waliweka meza pale pale, wakaeleza kila mpita njia, na pingamizi zaidi ya 27,000 zikafika kwenye ofisi ya mipango. Mwaka 2014 wakapata makubaliano ya maandishi kwamba watabaki. Kwetu pia mtu akitaka kubadilisha matumizi ya ardhi, sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 inataka umma utangaziwe na pingamizi zipokelewe. Matangazo hayo hubandikwa na kuchapishwa kwa herufi ndogo, na huwapita vijana kwa kuwa hakuna aliyewaambia wayaangalie.

Ila London si Mombasa. Hapa nafasi itakayodumu ni ile ambayo jirani haioni kuwa kero. Adhana ikiadhiniwa, baiskeli zilazwe. Mwezi wa Ramadhani, wakati mji uko macho hadi usiku, muda wa kuendesha uhamie baada ya tarawehe, na hapo suala la taa linakuja mbele ya suala la miteremko. Masika ikianza, njia ya udongo bila mtaro haifiki Juni, kwa hiyo anayefikiria pampu-traki, ile njia ya mzunguko yenye vilima vidogo ambako mwendo hutokana na kusukuma mwili wala si pedeli, aanze na swali la maji yataelekea wapi. Na kijana wa Likoni anavuka feri kuja kisiwani; nafasi moja nzuri mjini haimfai kama nafasi ndogo kwao.

Tumerudi kwenye ile sakafu ya godauni. Mara hii tulikuwa na futi ya kamba na daftari la shule. Askari yule yule aliinama akatushikia ncha moja, akasema tuanzie kwenye nguzo, maana hapo ndipo mpaka ulipo kwa alivyoelekezwa. Mita 19 kwa 11. Ufa mmoja upana wa kidole, unaozibika. Vyuma vitatu vilivyochomoza, vya kukatwa. Kwenye mstari wa "mwenye mahali" kijana ameacha nafasi. Hatuna nambari ya ploti, kwa hiyo hatuwezi kufanya sachi, yaani kutafuta jina la mwenye ardhi, kwenye ofisi ya ardhi; badala yake ameiandikia kaunti chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, inayompa afisa siku 21 za kujibu. Barua imegongwa mhuri wa kupokelewa, na nakala ameikunja ndani ya daftari. Leo ni siku ya tisa.